Bima ya lazima kule Ujerumani: kulipa ni jambo moja, kudai ni lingine

Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane simu yangu inajaa maulizo ya aina moja. Mtu amepata nafasi ya masomo Ujerumani, viza imetoka, chumba ameshapata. Halafu universite inamwambia: bila bima ya afya, hatukuandikishi. Anafungua barua ya bima, anaona kati ya euro 140 na 150 kila mwezi. Njo ananiuliza: «Mukubwa, miye niko na miaka 24, sigonjwake hata malaria. Ju ya nini banikate feza ya chakula? Hii haiko kodi ya bageni?»

Nilimaliza historia Lubumbashi, na sasa ni mwaka wa tano naishi huku. Kwa hiyo jibu langu linapitia kwenye historia, na wengine wanachoka mbele sijamaliza. Leo naliandika lote mara moja. Mtu anayejua bima hii ilitoka wapi, anajua pia anaweza kudai nini. Na hapo njo kuna shida yetu kubwa: kulipa, wote tunalipa kwa sababu ni lazima. Kudai, wachache wanajua.

Tuanzie mu mwaka ambao kila Mkongomani anaujua.

Tarehe 15 Novemba 1884, mu nyumba ya Otto von Bismarck kwenye barabara ya Wilhelmstraße, Berlin, wajumbe wa mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani na Uturuki ya wakati ule, walikaa mezani kuongea juu ya Afrika. Mkutano huo tumeusoma tangu sekondari. Mwafrika hakuwepo hata mmoja. Siku saba mbele yake, tarehe 8 Novemba, Ujerumani ilikuwa imeshatambua bendera ya shirika la mfalme Léopold II. Mwaka 1885 nchi yetu ikaitwa État Indépendant du Congo, na yeye akawa mwenye nchi.

Sasa kitu ambacho sekondari hawakutufundisha. Tarehe 1 Desemba 1884, wajumbe wakiwa bado wanaketi, mu Ujerumani ileile, chini ya Bismarck yuleyule, sheria ya bima ya ugonjwa ya wafanyakazi ilianza kutumika. Ilikuwa imepitishwa tarehe 15 Juni 1883. Mimi sisemi tukio moja lilizaa lingine, maana tarehe zikikaribiana peke yake haiko ushahidi. Nasema tu kwamba mu mwezi ule mmoja, fundi wa kiwanda wa Berlin aliandikwa mu kitabu kama mtu mwenye haki ya kutibiwa, na babu zetu wakawekewa bendera bila kuulizwa.

Bismarck hakufanya vile kwa huruma. Viwanda vilikuwa vinaongezeka, wafanyakazi walikuwa wanaungana, chama cha wasosialisti kilikuwa kinapata kura. Mwaka 1878 alipitisha sheria ya kukataza mikutano na magazeti yao. Fimbo ilikuwa upande mmoja. Upande mwingine alitaka mfanyakazi aone kwamba serikali nayo inamfaa. Na mifuko ya kusaidiana hakuivumbua yeye. Wachimba madini wa Ujerumani walikuwa na mifuko yao tangu karne nyingi, na mafundi pia walikuwa wanachangiana wagonjwa na msiba. Sheria ya 1883 ilichukua kitu ambacho watu walikuwa tayari wanakifanya, ikaweka neno moja mpya: lazima.

Ilikuwa inafanya kazi hivi. Mfanyakazi alitoa sehemu mbili kwa tatu za mchango, patroni sehemu moja. Feza haikwenda kwa patroni wala kwa mfalme. Ilikwenda kwenye mfuko wa wagonjwa, Krankenkasse, na wafanyakazi na mapatroni ndio walichagua wa kuuongoza. Akigonjwa, mfanyakazi alipata muganga na dawa, na nusu ya mshahara mpaka wiki 13. Akikufa, familia ilipata feza ya maziko. Wafanyakazi wa mashamba na wa nyumbani waliachwa nje kwanza. Sheria ya 1911 njo iliwaingiza.

Ju ya nini lazima? Fikiri likelemba. Mu likelemba, kila mtu anatoa na kila mtu anajua zamu yake. Bima ni likelemba ambayo zamu haina orodha: zamu inaletwa na ugonjwa. Kama wenye nguvu wanaruhusiwa kusema «miye sigonjwake, natoka», wanabaki wagonjwa na wazee peke yao. Mchango unapanda. Wengine nao wanatoka. Mwisho mfuko unakufa, na siku yule kijana mwenye nguvu anagongwa na motokari, hakuna mfuko tena. Kwa hiyo ndugu yangu wa miaka 24, ni kweli leo unalipia wagonjwa wengine. Lakini kesho ni wewe.

Na kuna jambo la pili mu sheria ile, na kwa mgeni njo kubwa kuliko yote. Sheria ilifuata kazi. Haikuuliza mtu alizaliwa wapi. Aliyeajiriwa kwa mshahara mu kiwanda, aliandikwa. Mpaka leo msingi ni huo: uko na kazi, au uko mwanafunzi mu universite, basi uko ndani, pasipoti iwe ya rangi gani.

Hapa lazima turudi kwetu kidogo, maana siye tulifundishwa namna nyingine kabisa ya kutibiwa.

Kwetu Katanga, mu miaka ya 1920, Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae na familia mu kambi badala ya kuwabadilisha kila mara. Ikajenga nyumba, shule, lopitali, maternite. Baada ya 1967 Gécamines ikaendelea mu njia ileile. Wazee wetu wanaikumbuka kwa hamu: mtoto akipata homa, mama anaenda lopitali ya kampuni, hakuna faktire. Ilikuwa kitu kizuri, sitaki kuidharau. Lakini ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya patroni. Mfanyakazi hakuwa na mfuko wenye jina lake. Kampuni ilipoanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa ile programu ya «départ volontaire», lopitali ya bure ilibaki nyuma pamoja na kazi.

Na serikali? Sheria ya usalama wa jamii ya 29 Juni 1961 ilianzisha INSS, ambayo leo tunaita CNSS. Ilishughulikia pensheni, posho za familia, na ajali na magonjwa ya kazi. Ugonjwa wa kawaida, ile typhoïde ya kila siku, uliachwa kwa patroni, na asiye na patroni alibaki na mfuko wake mwenyewe. Njo maana mu kichwa chetu, kutibiwa bure ni zawadi: patroni anatoa, kanisa linatoa, ONG inatoa, mjomba wa Ulaya anatuma. Na zawadi mtu haidai. Mtu anashukuru tu.

Sasa chukua mtu aliyekomaa na akili hiyo, umupeleke mu nchi ambako anakatwa mchango kila mwezi. Atalipa, na atanyamaza. Historia ya Ujerumani iko na mtu mmoja ambaye alifanya hivyo, na jina lake linajulikana.

Baada ya vita, Ujerumani ya Magharibi ilikosa mikono ya kazi. Ikasaini mikataba ya kuleta wafanyakazi: na Italia 1955, na Hispania na Ugiriki 1960, na Uturuki 1961, halafu Moroko, Ureno, Tunisia, Yugoslavia. Waliitwa «wafanyakazi wageni», Gastarbeiter. Walikatwa michango kama Wajerumani, na haki mu mfuko wa wagonjwa zilikuwa zilezile.

Tarehe 10 Septemba 1964, treni ya wafanyakazi ilifika mu kituo cha Köln-Deutz. Wakaita jina moja kwa sauti: Armando Rodrigues de Sá, seremala kutoka Ureno. Inasemekana aliogopa, akafikiri wanataka kumrudisha. Kumbe alikuwa amehesabiwa kama mgeni wa milioni moja. Wakampa maua na pikipiki ndogo, waandishi wakapiga picha. Picha ile iko mu vitabu vya shule vya huku, na pikipiki iko mu jumba la makumbusho Bonn.

Picha wanaionyesha sana. Mwisho wake hausemwi sana. Yule baba alifanya kazi miaka kadhaa, akalipa michango yake. Akagonjwa kansa ya tumbo, akarudi Ureno. Matibabu aliyalipa kwa akiba yake, ile feza aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya familia, ikaisha. Alikufa mwaka 1979. Mfuko wa wagonjwa wa Ujerumani ulikuwa na deni kwake: alikuwa na haki ya kulipwa wakati wa ugonjwa. Hakudai, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba haki hiyo iko.

Mimi kila nikisoma habari hiyo nawaza wazazi wetu. Mtu alipewa pikipiki mbele ya kamera, kitu ambacho hakikuwa haki yake, na kila mtu akaona. Kile kilichokuwa haki yake, kilibaki mu droo ya ofisi.

Upande wa Mashariki ilikuwa mbaya kwa namna nyingine. Ile Ujerumani ya wakomunisti ilileta wafanyakazi kwa mkataba, kati yao wa Msumbiji kuanzia 1979 na wa Vietnam kuanzia 1980. Walikuwa na bima, walitibiwa. Lakini kwa miaka mingi mwanamke wa mkataba akishika mimba, alichagua kuitoa au kurudishwa kwao. Bima ilikuwa inaulinda mkono wa kazi. Mwenye mkono, hapana. Kanuni hiyo ililegezwa 1989 tu, mwaka ule ukuta ulianguka. Kwa hiyo kuwa na karte ya bima haitoshi. Lazima uulize: karte hii inanilinda miye mtu, ao inalinda kazi yangu tu?

Hata leo si kila mgeni yuko ndani. Tangu sheria ya 1993, mwenye kuomba hifadhi anapata mwanzoni matibabu ya maumivu na ugonjwa wa ghafla, uzazi na chanjo, na mengine ni mpaka ofisi ikubali. Muda huo mwaka 2024 uliongezwa mpaka miezi 36. Basi wakati siye wanafunzi tunalalamika kwamba wanatulazimisha kuingia, kuna ndugu zetu wako mlangoni wanangoja kulazimishwa.

Siye wanafunzi tuliingia lini? Sheria yetu ni ya 1975. Kuanzia muhula wa baridi wa 1975/76, kila aliyeandikwa mu universite analazimika kuwa na bima ya ugonjwa, na bei imewekwa chini kwa sababu mwanafunzi hana mshahara. Mfanyakazi analipa asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza ya kila mfuko, na patroni anabeba nusu. Mwanafunzi analipa kiasi kilichopangwa, pamoja na mchango wa bima ya matunzo ya wazee na walemavu. Njo zile euro 140 hadi 150. Kodi ya wageni? Mjerumani aliyekaa pembeni yako mu darasa, kama hayuko kwenye bima ya wazazi wake, analipa vilevile.

Sasa haki na mitego. Andikeni hapa.

Kwanza, familia. Bibi yako ao bwana yako, na watoto wako, kama wanaishi na wewe Ujerumani na hawana mapato yao, wanaweza kuingia mu bima yako bila wewe kuongeza hata senti. Wengi wanafika na watoto, wanalipia kila mtoto bima ya pembeni, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Lakini «familia» ya huku ni fupi kuliko ya kwetu: baba, mama, mdogo wako na shangazi hawamo.

Pili, mimba. Kupimwa na kuzaa, mama halipi juu yake kitu. Mwanamke anazaa, anabeba mtoto, anarudi nyumbani. Siye tunaotoka mu nchi ambako mama anaweza kubaki amefungiwa maternite na mtoto mchanga mpaka faktire ilipwe, tunajua uzito wa sentensi hiyo. Kwa magonjwa mengine kuna kiasi kidogo: lopitali euro 10 kwa siku, si zaidi ya siku 28 mu mwaka, na dawa za muganga kwa kawaida kati ya euro 5 na 10.

Tatu, karatasi ya kuachiliwa. Huu njo mtego mkubwa. Mu miezi 3 ya kwanza, mwanafunzi anaweza kuomba atolewe mu bima ya lazima na kuchukua ya binafsi. Akitoka, hawezi kurudi kama mwanafunzi mpaka masomo yaishe. Rafiki yangu mmoja kutoka Bukavu alisaini karatasi hiyo kati ya makaratasi mengine, kwa kampuni moja iliyomwahidi kulipa euro 30 na kitu kwa mwezi. Muhula wa tatu alianza kugonjwa tumbo. Kampuni ikamjibu kwamba ugonjwa ulikuwepo mbele ya mkataba, haulipwi. Alilipa faktire kwa kuosha sahani usiku, muhula mzima. Basi usisaini kitu ambacho hujatafsiriwa.

Nne, miaka 30. Bei ya wanafunzi inaishia pale muhula uliofikisha miaka 30 unapoisha. Kwetu, kwa migomo na ile miaka ya masomo inayovutika kama mpira, wengi tunamaliza lisansi tukiwa karibu na umri huo. Ukifika ukiwa umeupita, na huna kazi yenye mkataba, mara nyingi inabaki bima ya binafsi. Wa doctorat nao hawahesabiwi kama wanafunzi mu bima hii: mwenye mkataba wa kazi anaingia kama mfanyakazi, mwenye burse aulize wanaompa burse nani analipa bima, na aulize mbele ya kupanda ndege. Vilevile wale wako kwenye kozi ya luga ya matayarisho: bado hamjawa wanafunzi kwa sheria hii.

Tano, deni. Kwa sababu ni lazima, kunyamaza hakukutoi. Ukiacha kulipa, deni linahesabiwa mwezi kwa mwezi, na mfuko unaweza kuambia universite, na universite kukufuta mu orodha. Kama feza imekosa, andikia mfuko mapema, uombe kulipa kidogo kidogo. Na kila barua inayokuja, isomwe. Usiogope kuuliza mara mbili. Kuuliza hapa hakuonekani kama kukosa heshima.

Kuna wanaoniuliza: haya yote yanatuhusu nini siye tuliobaki Kongo? Yanatuhusu sana. Kwetu pia neno «lazima» linakuja. Tangu Februari 2017 tuko na sheria ya mituweli. Mwaka 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa. Vijana wanaosoma ukurasa huu njo watakaoandika kanuni, watakaokaa mu kamati za mituweli, watakaoeleza mama wa soko ju ya nini atoe mchango wakati hagonjwi. Na watakutana na hofu yake ya haki kabisa: «Nikitoa, nani atakula?»

Hofu hiyo mtu haiponyi kwa hotuba. Mifuko ya 1883 iliaminika pole pole kwa sababu mfanyakazi alikuwa na kura mu mfuko, aliona daftari, na akigonjwa alilipwa. Sheria ya lazima bila mambo hayo matatu ni kodi tu, na mama wa soko ataijua haraka kuliko siye wenye diploma.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa miaka 24, lipa zile euro 145. Halafu kaa chini, chukua ile barua ndefu ya bima, utafute mtu wa kukusomea ukurasa kwa ukurasa, uandike pembeni: hii ni haki yangu, hii ni haki ya mtoto wangu, hii nikigonjwa nitaidai siku fulani kwa ofisi fulani. Kazi hiyo itakuchukua jioni moja. Armando Rodrigues de Sá hakupata mtu wa kukaa naye jioni hiyo moja.

Na ninyi mliotangulia huku, msingoje mdogo wenu akuulize. Yeye hajui kwamba kuna kitu cha kuuliza.